Kabla hujamlipa mchora ramani, nenda kiwanjani saa 10 jioni

Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Kila wiki humu watu wanaulizana bei ya bati, bei ya tofali, chumba masta kiwe na ukubwa gani. Sijaona mtu akiuliza dirisha lake litatazama wapi. Hata mimi sikuuliza. Nilijenga mwaka 2014 pembezoni mwa Dar. Ramani nilipewa na rafiki, naye aliitoa kwa mtu aliyeipenda nyumba yake, tukaigeuza tu ielekee barabarani kama wafanyavyo wote. Barabara yetu iko magharibi. Kwa hiyo sebule ikatazama magharibi, chumba changu kikatazama magharibi, na upande wa kusini wenye upepo tukaupa stoo na choo.

Tulihamia mwezi wa pili. Kufika saa 9 alasiri jua lilikuwa limeshaingia hadi kwenye makochi. Tukatundika mapazia mazito, giza likaingia na joto halikutoka. Saa 4 usiku ukiweka kiganja kwenye ukuta wa chumbani unauona una moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Feni usiku kucha, taa mchana kutwa, na Luku inakwenda.

Kilichoniuma zaidi ni chumba cha mama. Alipokuja kuishi nasi tulimpa chumba cha katikati, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa uzio, mita moja tu kutoka nyumba. Mama akitaka kuchambua mchele alibeba ungo wake hadi mlango wa uani, akakaa kwenye kigoda, saa 8 mchana, kwa sababu ndani hazioni chuya. Nyumba ina madirisha 11, halafu mtu mzima anafuata mwanga mlangoni. Siku niliyolitambua hilo ndiyo siku niliyoanza kusoma, kupima na kuwasumbua wasanifu kwa maswali. Naandika ili mwenye kiwanja kitupu asije akalipia kosa hili mara mbili kama mimi.

Tuanze na jua lenyewe. Shuleni tulifundishwa linachomoza mashariki na kuzama magharibi, tukaishia hapo. Lakini Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua linahama. Kuanzia tarehe 10 Oktoba hivi hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana linapita upande wa kusini wa kichwa chako. Miezi iliyobaki linapita kaskazini. Mwezi wa sita, likiwa juu kabisa, linasimama kiasi cha nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini. Mwezi wa 12 linasimama nyuzi 73, upande wa kusini. Kwa pande hizi mbili, basi, jua kali la mchana linatoka juu, na jua la juu halina shida kulizuia.

Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2, lenye kivuli kinachoanzia pale pale juu yake. Likitazama kaskazini, kivuli kinachotoka nje sentimita 70 kinalifunika lote wakati huo wa Juni. Likitazama kusini, sentimita 36 zinatosha mchana wa Desemba. Sasa lipeleke dirisha hilo hilo magharibi. Kwenye saa 10 na nusu jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi, na ili ulizuie unahitaji kivuli kinachotoka zaidi ya mita 2. Hakuna paa la kawaida linalofika huko. Mashariki hesabu ni hiyo hiyo, ila asubuhi ukuta umeamka na ubaridi wa usiku. Jua la jioni linaikuta nyumba imeshapata joto la siku nzima, linaongeza juu yake.

Kwa hiyo nyumba ya pwani ikae kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na zile kuta mbili fupi zinazopigwa na jua la chini zipewe madirisha madogo au zisipewe kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo nilipolielewa nilinyamaza kwa muda. Tazameni majina ya pande zetu. Kaskazini ni kwenye kaskazi, kusini ni kwenye kusi. Wazee walizitaja pande hizo kwa pepo zake. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini-mashariki, na miezi hiyo jua liko kusini. Kusi inavuma katikati ya mwaka ikitokea kusini na kusini-mashariki, na wakati huo jua liko kaskazini. Yaani karibu mwaka mzima upepo unaingia kwa upande wenye kivuli. Nyumba yenye madirisha kaskazini na kusini inapata hewa iliyopita kivulini, na ikiwa na dirisha upande wa pili hewa hiyo inapita hadi nje. Mimi upande huo nilijenga choo.

Jambo la mwisho kwa leo: mwanga na jua ni vitu viwili. Nje siku ya jua kali kuna kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), na hata siku ya mawingu unakuta kama 10,000. Kusoma kitabu kunahitaji laksi 300 hadi 500. Mwanga tunao wa kumwaga. Tunachotakiwa ni kuualika mwanga wa anga na kuliacha jua lenyewe nje. Na liachwe nje kweli, kabla halijagusa kioo, maana likishapita kwenye kioo linageuka joto ndani ya chumba, na pazia lako linapashwa moto likiwa tayari limo ndani na wewe.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Fundi Tofali

Mleta uzi umegusa kidonda. Miaka 17 napandisha kuta, nakuhakikishia mteja mmoja kati ya wengi ndiye anauliza jua. Wengine wote wanasema "geuza sebule itazame geti."

Niongeze la paa. Siku hizi kila mtu anataka paa la kuficha. Sikatai, linapendeza kwenye picha. Lakini paa lile halina ukingo wa kutoka nje, ukuta umenyooka kutoka chini hadi juu, kwa hiyo dirisha liko uchi. Jua linalipiga, mvua ya masika inalipiga, baada ya miaka mitatu rangi imebanduka chini ya kila dirisha na ndani kuna ukungu. Nendeni Oysterbay mkazitazame zile nyumba za zamani za serikali, paa limetoka kama ukingo wa kofia, na zina vibaraza. Waliozijenga hawakuwa na kiyoyozi cha kuwaokoa. Kama huna budi kuficha paa, basi mwambie fundi amwage bamba la zege juu ya kila dirisha, wakati wa kumwaga linta. Ukisubiri nyumba iishe utavunja.

Na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni yanafunguka nusu. Umelipia dirisha la mita 1.5, upepo unapata sentimita 75. Yale ya luva za vioo mliyoyadharau yanafunguka karibu yote, na mvua ndogo hailazimishi kufunga.

Mleta uzi

Fundi, asante sana. Hilo la linta lisipite hivi hivi. Nalo lina upande wa mwanga.

Mwanga wa dirisha unafika ndani kiasi cha mara mbili, au mbili na nusu, ya kimo kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Linta ikiwa mita 2.1, mwanga wa kufaa unaishia kwenye mita 4 au 5. Ukijenga sebule ya mita 7 yenye dirisha upande mmoja, ile sehemu ya meza ya chakula itakula na taa mchana. Watu wakiona giza wanaongeza upana wa dirisha, kumbe dawa ni kulipandisha juu. Sehemu ya juu ya kioo ndiyo inayoliona anga na ndiyo inayorusha mwanga mbali. Sehemu ya chini ya magoti inaangaza zulia tu.

Na fimbo ya pazia ipandishwe juu ya dirisha na itoke pembeni, ili pazia likifunguliwa likae kwenye ukuta. Nimeona nyumba nyingi pazia limefunika robo ya juu ya kioo, ile robo yenyewe ya thamani.

Kiwanja Goba

Mkuu umenikamata pabaya. Nimeshalipa nusu ya hela ya ramani, na kiwanja changu barabara iko magharibi kama yako. Kiwanja ni 20 kwa 30, kimelala kutoka mashariki kwenda magharibi. Nifanyeje? Siwezi kuihamisha barabara.

Mleta uzi

Barabara iache ilipo. Geti litazame barabara, mlango mkubwa unaweza kutazama barabara, lakini sebule hailazimiki. Kiwanja chako kimelala vizuri sana. Upande wa magharibi panga vitu ambavyo mtu hakai humo saa 10 jioni: choo, stoo, ngazi kama unazo, maegesho ya gari yenye paa. Vitu hivyo vinakuwa ngao ya nyumba. Sebule na vyumba vya kulala vipange kwenye zile pande ndefu mbili.

Ila usiniamini mimi wala dira ya simu peke yake. Nenda na kigoda chako Jumamosi, chomeka mti wa mita moja ardhini, weka kijiwe pale ncha ya kivuli inapofika saa 3 asubuhi, saa 6, saa 8, saa 10. Angalia nyumba ya jirani inatupa kivuli wapi, mwembe wake uko wapi, upepo unakupiga shavu lipi. Mchora ramani mzuri atafurahi ukimletea hayo. Na kama hajawahi kufika kiwanjani kwako, mwombe afike kabla hujamalizia hela.

Mpangaji Magomeni

Nyie mnaojenga mna bahati. Sisi wengine tumepanga. Niko chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, ua nyuma. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, nafasi ni ya kupita mtu kwa ubavu. Mchana nawasha taa. Mtoto anasomea hapo.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hali yako ni ile ile ya chumba cha mama, nami nikueleze tulichofanya, maana hakikuwa cha gharama kubwa.

Ule ukuta unaoutazama ndiyo anga yako. Mwanga unashuka katikati ya nyumba mbili, unagonga ukuta wa jirani, ndipo unaingia kwako. Ukuta wa saruji tupu uliochafuka unaumeza mwanga mwingi. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unaurudisha mwingi. Nenda kwa jirani kwa adabu, mwombe ruhusa upake chokaa kile kipande kinachotazamana na dirisha lako, kwa gharama yako. Hatapoteza kitu. Sisi uzio ulikuwa wetu, tuliupaka wenyewe Jumapili moja, na kesho yake mama aliniuliza tumebadilisha nini dirishani.

Pili, fua wavu wa mbu wa dirishani. Wavu uliokaa miaka miwili bila kufuliwa umeshiba vumbi na moshi, unazuia mwanga na unazuia hewa. Tatu, paka dari nyeupe kabla ya kuta, kwa sababu mwanga unaotokea chini unagonga dari kwanza. Kabati lolote lililo karibu na dirisha lihamie ukuta ule ule wa dirisha, lisisimame mbele ya mwanga. Meza ya mtoto ikae ubavuni mwa dirisha. Kama anaandika kwa mkono wa kulia, mwanga umjie kutoka kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie daftari.

Baadaye, hela ilipopatikana, nilivunja juu ya dirisha la mama tukapandisha linta hadi mita 2.4. Sasa anachambua mchele kitandani kwake hadi saa 11 jioni. Upande wa magharibi nilijenga kibaraza cha bati kinachotoka mita 2.4, na mbele yake nikapanda mwarobaini miwili. Ukuta wa chumbani sasa saa 4 usiku umepoa.

Na usipuuze afya. Chumba cha giza kisicho na hewa ndimo kifua kikuu kinamosambaa kwa urahisi, na mbu wanajificha humo mchana kutwa.

Boriti

Salamu kutoka Lamu. Nimeusoma uzi wote nikakumbuka nyumba ya bibi yangu mjini. Kuta za nje hazina madirisha ya maana, mgeni akipita njiani anadhani ndani ni kiza kitupu. Ukiingia, unapita daka (baraza la mlangoni), unapita tekani (ukumbi wa kuingilia), unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, na kiwanda hakina paa. Mwanga wote wa nyumba unatoka hapo. Vyumba vinafuatana kutoka kiwandani, msana wa tini, msana wa yuu (kumbi mbili ndefu), kisha ndani, na kila hatua mwanga unapungua. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haibebi zaidi ya mita 3 hivi, lakini wembamba huo huo ndio unaofanya mwanga ufike nyuma. Kuta zimepigwa chokaa nyeupe, na zidaka (vishubaka vya ukutani) zinaushika mwanga kila kimoja kivyake. Saa 7 mchana jua linaanguka kiwandani, huku msanani bibi anafuma kofia bila taa, na kuna baridi.

Sasa watu wanaezeka viwanda kwa bati ili wapate chumba kimoja zaidi. Wakishaezeka, wanaanza kununua taa.

Mleta uzi

Boriti, Mungu akubariki. Hicho ndicho ningependa kijana anayejenga Tandika au Buguruni akisikie, kwa sababu pale nyumba zimebanana na dirisha la pembeni haliwezi kukusaidia tena. Ukibanwa pande zote, anga imebaki moja, ya juu. Ua mdogo wa mita 3 kwa 3 katikati unaangaza vyumba vinne. Watu wanaona ni eneo limepotea.

Bagamoyo-Stockholm

Naomba msaada. Niko Sweden, najenga Bagamoyo. Nimenunua ramani mtandaoni, nzuri sana, sebule ina ukuta mzima wa kioo, na maelezo yanasisitiza kioo kitazame kusini. Huku nilipo ni kweli, nyumba inayotazama kusini inauzwa kwa kusifiwa. Desemba jua linafika nyuzi 7 tu saa sita mchana na kabla ya saa 9 alasiri limezama. Tunalitafuta kama dawa. Je, nifuate maelezo?

Mleta uzi

Usifuate kwa sababu ile. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na baridi ni adui, ndiyo maana kioo kinatazama kusini kukusanya joto. Bagamoyo jua linatembelea pande zote mbili na joto ndilo adui. Kusini kwako kunafaa, lakini kwa ajili ya kusi na mwanga uliotulia, si kwa ajili ya jua. Weka dirisha kubwa la kufunguka, lenye kivuli. Ukuta mzima wa kioo usiofunguka utakufanya uwe mtumwa wa kiyoyozi. Na vioo vyeusi visikudanganye: vinapunguza mwanga unaoutaka, na vyenyewe vinapata moto na kukurudishia ndani.

Mnjombe

Mnaongea pwani tu. Sisi Njombe mwezi wa sita na wa saba tunatetemeka, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Kwetu huu ushauri unafaa?

Mleta uzi

Unageuka, Mnjombe, na ni vizuri umeuliza. Kwanza jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Kwenu miezi ya baridi ndiyo miezi ambayo jua liko kaskazini, mchana likifika nyuzi 57 tu. Kwa hiyo sebule na vyumba vya wazee na watoto vitazame kaskazini, na ukingo wa paa juu ya madirisha hayo uwe mfupi, sentimita 30 hivi, ili jua la Juni liingie. Desemba jua likihamia kusini halitawasumbua upande huo. Sakafu iwe ya saruji ya rangi iliyokolea pale jua linapoangukia, inalishika joto na kuliachia jioni. Upande wa kusini unakotoka upepo wa baridi weka jiko, stoo, madirisha madogo yanayofunga vizuri. Na dirisha la mashariki ambalo Dar lingekuwa la tahadhari, kwenu ni neema, linakausha umande wa chumbani asubuhi.

Kiwanja Goba

Nimerudi. Jumamosi na Jumapili nimeshinda kiwanjani na mti na vijiwe. Kilichonishangaza ni kwamba gorofa la jirani upande wa magharibi linanipa kivuli kuanzia saa 10 na robo, sikuwahi kuliona. Nimempelekea mchora ramani picha, amekubali kugeuza bila kuongeza hela. Sebule sasa inatazama kusini. Swali moja limebaki: mke wangu anataka jiko liwe mashariki apate jua la asubuhi. Ni sawa?

Mleta uzi

Hongera sana, na gorofa hilo limekupunguzia gharama ya kibaraza.

Jiko mashariki ni zuri kwa mwanga. Asubuhi jua linakausha kaunta na vyombo, na saa za kupika chakula cha jioni jikoni kumeshapoa. Tatizo ni upepo. Kaskazi inatokea kaskazini-mashariki na kusi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa jiko la mashariki utaingia sebuleni mwaka mzima. Kama mnapikia gesi, weka hapo, na jiko liwe na tundu la kutolea hewa juu, karibu na dari. Kama mnapika maharage na makande kwa mkaa kama sisi, jiko la mkaa lijengee kibanda nje upande wa magharibi, kwenye hicho kivuli cha gorofa, na mlango wa jikoni usitazamane nacho.

Dirisha la jikoni liwe juu ya sinki, chini lianzie mita 1.1 ili bomba lisigongane na kioo linapofunguliwa. Mwambie fundi sasa, kabla hajapanga kozi ya tano.